Shajara ya mradi: kusaka vianzio vya urudufishaji wa DNA kwa kompyuta, kutoka bakteria hadi virusi

6 Januari 2025. Lengo, faili na kipimo cha kufaulu

Urudufishaji wa DNA hauanzi ovyo. Huanzia kwenye kianzio: mahali ambapo nyuzi mbili hufunuliwa, helikesi (kimeng'enya kinachotenganisha nyuzi) hupandishwa, na polimeresi (kimeng'enya kinachojenga uzi mpya) hupewa ncha ya kuendeleza. Mwaka 1963 François Jacob, Sydney Brenner na François Cuzin walipendekeza kwamba pana vitu viwili, protini inayoanzisha kazi na kipande cha DNA kinachotambuliwa na protini hiyo. Kwa bakteria wazo hilo limesimama. Kwingineko limepindapinda, na mradi huu unapima limepinda kiasi gani kwa kusoma herufi za DNA tu, yaani besi A, C, G na T.

Programu inapewa faili ya jenomu na kutakiwa itaje kianzio kilipo. Jenomu zote zilizochaguliwa tayari vianzio vyake vinajulikana kwa kazi za maabara, kwa hiyo jibu likienda kombo hakuna pa kusingizia.

Vifaa: kompyuta mpakato ya kawaida, Python 3 bila maktaba ya ziada, na faili za bure kutoka hifadhi ya NCBI. Zilizotumika ni bakteria E. coli K-12 MG1655 (U00096.3, jozi za besi 4,641,652), Bacillus subtilis 168 (NC_000964.3, jozi 4,215,606), kromosomu 16 za hamira Saccharomyces cerevisiae, mitokondria ya binadamu (NC_012920.1, jozi 16,569), kirusi cha bakteria phiX174 (NC_001422.1, besi 5,386), kirusi cha nyani SV40 (NC_001669.1, jozi 5,243) na adenovirusi aina ya 5 (AC_000008.1, jozi 35,938). Gharama yote ni siku za kazi. Hakuna hatua iliyohitaji kompyuta kubwa.

9 Januari. E. coli: mwegemeo wa G na C

Kanuni ni nyepesi. Soma uzi mmoja toka mwanzo wa faili, kila G ongeza 1, kila C punguza 1, A na T usihesabu. Katika bakteria wengi, uzi mpya unaojengwa bila kukatikakatika huwa na G nyingi kuliko C. Sababu inayotajwa zaidi ni kwamba wakati wa kunakili, uzi mmoja hubaki wazi muda mrefu, na C iliyo wazi hupoteza kikundi chake cha amino kwa urahisi, ikaishia kuwa T. Ukipita kianzio, upande hubadilika: hesabu iliyokuwa ikishuka huanza kupanda. Shimo la chini kabisa ndilo jirani ya kianzio, na kilele ndicho jirani ya mahali pa kumalizia.

Jaribio la kwanza halikujumlisha. Lilikata jenomu katika madirisha ya besi 1,000 na kupima kila dirisha peke yake. Mchoro ulitoka kama miiba: alama ya kujumlisha na ya kutoa zilipokezana mamia ya mara, kwa sababu jeni moja iliyogeuka upande inatosha kupindua dirisha dogo hivyo. Kupanua madirisha kulituliza miiba lakini kukapoteza usahihi. Jumla inayoendelea, bila dirisha lolote, ilimaliza suala hilo kwa mistari kumi ya programu.

Sehemu iliyokula siku mbili nzima ni nyingine kabisa. Programu iliweka shimo karibu na nafasi 3,925,600, wakati maelezo yaliyokuwa mezani yalisema oriC, kianzio cha E. coli, inaanzia 3,923,767. Tofauti ya karibu besi 1,800 ni kubwa mno kwa njia hii kwenye jenomu hii. Kila mstari wa programu ulikaguliwa. Programu haikuwa na kosa. Nambari za mezani zilitoka kwenye toleo la zamani la faili, U00096.2, lenye jozi 4,639,675. Toleo la sasa limeongezeka jozi 1,977, na ongezeko lote liko kabla ya oriC. Jumlisha 1,977 kwa 3,923,767 upate 3,925,744, ndipo oriC inapoanzia katika U00096.3, na inaishia 3,925,975. Shimo liko kabla yake kwa besi zisizofika 200.

Anayerudia kazi hii aandike namba ya faili pamoja na nukta na tarakimu ya toleo kando ya kila nafasi anayonakili. Nafasi isiyo na toleo haina maana.

13 Januari. E. coli: kutoka jirani hadi mlangoni

Shimo linataja mtaa, halitaji nyumba. Ili kuthibitisha, programu inatafuta visanduku vinavyoshikwa na DnaA, protini inayoanzisha kazi kwa bakteria: herufi tisa TTATNCACA, ambapo N ni besi yoyote. Kwa bahati nasibu peke yake mfuatano wenye herufi nane zisizobadilika hutokea mara moja katika kila besi 65,536, yaani karibu mara 70 kwa kila uzi wa jenomu hii. Basi kuhesabu visanduku katika jenomu nzima ni kazi bure. Kinachotafutwa ni msongamano: vitatu au zaidi ndani ya besi 300.

Kosa la hapa lilikuwa kutafuta kwenye uzi mmoja. Ndani ya oriC visanduku R1 na R4 vina herufi zile zile, TTATCCACA, lakini vinatazamana pande tofauti, na R2 ni TTATACACA. Ukisoma uzi mmoja unapoteza kimoja au viwili, na msongamano unashuka chini ya kiwango kilichowekwa. Baada ya kuongeza uzi wa pili, R1, R2 na R4 vilionekana vyote. R3 haikuonekana na haitaonekana kwa mfuatano huu: ni TTATCCAAA, kisanduku dhaifu ambacho DnaA hukishika kwa shida.

Kipimo cha pili kilichofanya kazi vizuri kuliko ilivyodhaniwa ni kuhesabu GATC. Herufi nne hutarajiwa mara moja katika besi 256. Eneo la oriC lenye besi 245 linazo 11. Si urembo: kimeng'enya Dam huweka methili (alama ndogo ya kemikali) kwenye A ya GATC, na mara tu baada ya kunakiliwa uzi mpya huwa bado hauna methili. Protini SeqA hushika maeneo ya namna hiyo na kuyafungia, ndiyo maana E. coli haianzishi kianzio kile kile mara mbili mfululizo. Baada ya hapo DnaA iliyobeba ATP hujipanga kwenye visanduku, hufunua eneo la jirani lenye A na T nyingi, na DnaC huipandisha helikesi DnaB kwenye uzi ulio wazi.

Tahadhari: GATC ni ushahidi kwa E. coli na jamaa zake wenye Dam na SeqA tu. Kipimo hiki kimewekewa swichi na kinazimwa kwa jenomu nyingine zote.

20 Januari. Bacillus subtilis: jibu lililotupwa na programu yenyewe

Programu ilikuwa na kanuni iliyowekwa mapema kwa hofu ya kingo: jibu lolote lililo ndani ya besi 10,000 za mwanzo au mwisho wa faili likataliwe. Kwa B. subtilis ilirudisha nafasi iliyo mpakani kabisa mwa eneo lililoruhusiwa. Jibu linaloangukia mpakani namna hiyo linapaswa kushtua mara moja.

Waliopanga nambari za jenomu hii walianzia kuhesabu kwenye kianzio chenyewe, na jeni ya dnaA huanzia nafasi 410. Shimo la kweli liko mwanzoni mwa faili, yaani ndani ya eneo lililopigwa marufuku. Kanuni imefutwa. Badala yake kila jenomu ya duara sasa inapimwa mara mbili: kama ilivyo, kisha baada ya kuzungushwa nusu duara, na nafasi zikarudishwa kwenye nambari za awali. Majibu mawili yakilingana, yanapokelewa. Yakitofautiana, programu inaandika "hakuna jibu" na kunyamaza. Kipimo hiki kiliandikwa kwa ajili ya bakteria mmoja, lakini ndicho kilichookoa hatua ya mitokondria hapo chini.

Utafutaji wa visanduku nao umefanywa wa duara: herufi za mwanzo wa faili zinaongezwa mwishoni kabla ya kutafuta. Visanduku vya B. subtilis vimegawanyika kando zote mbili za jeni ya dnaA, kwa hiyo kanuni ya "vitatu ndani ya besi 300" inaona makundi mawili. Si kosa. Kianzio hiki kina sehemu mbili kweli, na DNA hufunuliwa kwenye sehemu iliyo baada ya jeni.

22 Januari. Arkea: hatua iliyofupishwa

Arkea ni viumbe vya seli moja visivyo na kiini, lakini si bakteria. Mmoja wao, Sulfolobus, ana vianzio vitatu kwenye kromosomu moja. Hesabu ya mwegemeo hutoa shimo moja la chini kabisa hata iweje, kwa hiyo swali lenyewe ("kiko wapi?") limekosewa. Njia inayofaa zaidi ni kutafuta jeni za cdc6, zinazotoa protini ya kuanzisha urudufishaji, maana viwili kati ya vianzio hivyo viko jirani na jeni hizo. Hatua imefungwa hapo. Haloferax volcanii ameachwa kabisa: vianzio vyake vinaweza kufutwa vyote na seli ikaendelea kuishi, ikianzisha urudufishaji kwa njia ya uunganishaji upya wa DNA.

3 Februari. Hamira: orodha ya watuhumiwa

Hapa programu iligonga mwamba.

Kianzio cha hamira kina mfuatano wa herufi 11, WTTTAYRTTTW, ambapo W ni A au T, Y ni C au T, R ni A au G. Kundi la protini sita liitwalo ORC hushika hapo. Ilionekana rahisi: mfuatano mrefu kuliko kisanduku cha DnaA, basi makosa yatapungua. Hesabu inasema vinginevyo. Jenomu ya hamira ina A na T kiasi cha asilimia 62, na mfuatano wenyewe karibu wote ni A na T. Kwa bahati nasibu mfuatano kamili hutarajiwa mara 320 hivi kwa kila uzi, jumla 640 katika jozi takriban milioni 12.1. Ukiruhusu herufi moja ikosewe, na vianzio vingi vya kweli vinahitaji ruhusa hiyo, idadi inaruka hadi 12,000 na zaidi. Vianzio vinavyotumika ni kama 400. Kwa kila kimoja cha kweli, programu inaleta karibu thelathini vya uongo.

Kubana kulijaribiwa. Kudai mfuatano kamili bila kosa kulitupa vianzio halali. Kudai A nyingi upande mmoja wa mfuatano kulisaidia kidogo, kwa sababu vianzio vya kweli huwa na eneo lisilozingirwa na nyukliosomu (mafundo ya protini ambayo DNA hujizungushia), na minyororo ya A haipendi kujikunja kwenye nyukliosomu. Hata hivyo ni usaidizi wa kupunguza, si wa kuamua. Kipimo pekee kilichofaulu bila shaka ni kukagua kianzio kinachojulikana: ARS1, kwenye kromosomu ya IV jirani na jeni TRP1, ina TTTTATGTTTA, nayo ilipatikana.

Sababu ya kushindwa iko kwenye utaratibu wenyewe, na inafaa ielezwe kirefu kwa sababu wengi hurudia kosa hili. Bakteria huunganisha mambo mawili: DnaA ikishajipanga, kazi inaanza. Hamira, na seli zote zenye kiini, hutenganisha. Katika awamu ya G1, kabla ya kunakili, ORC ikisaidiwa na protini Cdc6 na Cdt1 huvisha DNA pete mbili za helikesi Mcm2-7, zikiwa zimezunguka nyuzi zote mbili bila kuzifunua. Hiyo ni leseni tu, helikesi imelala. Katika awamu ya S, ya kunakili, vimeng'enya CDK na DDK huiamsha kwa kuileta pamoja na protini Cdc45 na GINS. Maeneo mengi hupewa leseni, machache huwashwa, na ni yapi yatawashwa hutegemea nyukliosomu, muda na majirani. Mambo hayo hayamo katika faili ya herufi.

Kuna mtego mdogo zaidi kwa anayehesabu. Kwenye kromosomu ya XII hamira ana marudio ya jeni za RNA ya ribosomu, kwa kawaida nakala 100 hadi 200, kila nakala ikiwa na kianzio chake. Faili ya rejea imeweka nakala mbili tu. Orodha yoyote inayotokana na faili hiyo itapunguza vianzio vya eneo hilo bila kujua.

Matokeo ya hatua hii yamehifadhiwa kwa jina la orodha ya watuhumiwa. Kumtia mtuhumiwa hatiani ni kazi ya maabara: kipande huwekwa kwenye plasmidi (duara dogo la DNA) yenye TRP1, jeni ya kutengenezea triptofani, lakini isiyo na kianzio cha hamira, plasmidi huingizwa katika hamira asiyeweza kujitengenezea triptofani, kisha seli huoteshwa kwenye sahani isiyo na triptofani. Kipande chenye kianzio hutoa makoloni mengi. Kisicho nacho hutoa machache, yale ambayo plasmidi imejipachika kwenye kromosomu. Hivyo ndivyo ARS1 ilivyotambuliwa mwaka 1979. Anayepima asisahau kuongeza sentromea, sehemu inayogawa DNA sawasawa kwa seli mbili, kwenye plasmidi: bila hiyo seli nyingi hupoteza plasmidi wakati wa kugawanyika, na kianzio kizuri huonekana kibovu.

Binadamu, upande wa kiini, hatajaribiwa. ORC ya binadamu haina mfuatano maalumu inaoudai, na vianzio vinakadiriwa kwa makumi ya maelfu. Programu ya herufi haina la kushika.

17 Februari. Mitokondria ya binadamu: makosa matatu ndani ya besi 16,569

Faili fupi kuliko zote za seli na oganeli ndiyo iliyosumbua zaidi. Gharama: siku sita.

La kwanza. Programu ilikufa ilipofika nafasi 3107, kwa sababu hapo pana herufi N. Si uchafu. Mfuatano wa mwaka 1981 ulikuwa na C moja ya ziada eneo hilo. Uliporekebishwa mwaka 1999, pengo lilijazwa N ili nambari zote zilizokwisha kutumika zisisogee. Marekebisho ya haraka yalikuwa kuifuta N, na ndiyo yaliyoleta balaa: kila nafasi baada ya 3107 ilisogea kwa moja. Marekebisho sahihi ni kuiacha mahali pake, kuipa thamani 0 katika hesabu, na kuikataza isiungane na herufi yoyote wakati wa kutafuta vitanzi, yaani mahali ambapo uzi hujikunja na kuungana na nafsi yake.

La pili. Mwegemeo ulishuka moja kwa moja tangu mwanzo hadi mwisho, na programu ikataja ukingo wa faili. Uzi uliomo kwenye faili, unaoitwa uzi mwepesi, una G 2,169 na C 5,181: jumla inaishia −3,012. Linganisha na toleo la zamani la E. coli, lenye G 1,176,923 na C 1,179,554. Huko tofauti ni −2,631 tu katika jozi milioni 4.6. Duara ambalo jumla yake haikaribii sifuri halina shimo halisi. Shimo liko popote ulipokata. Kipimo cha kuzungusha nusu duara kililiona hilo papo hapo: jibu lilihama pamoja na mahali pa kukata, na programu ikaandika "hakuna jibu". Ndivyo ilivyotakiwa.

Mitokondria haina DnaA wala ORC. Polimeresi ya RNA ya mitokondria, POLRMT, huanza kunakili kwenye promota (mahali pa kuanzia RNA) ya uzi mwepesi karibu na nafasi 407, na mara nyingi hukomea eneo liitwalo CSB2, nafasi 299 hadi 315, ambapo G nyingi hujikunja na kuizuia. Kipande hicho cha RNA ndicho polimeresi gama, inayonakili DNA ya mitokondria, hukitumia kuanzia kujenga uzi mzito, mwenzake wa uzi mwepesi. Helikesi TWINKLE hufungua njia, na uzi mzito wa zamani husukumwa kando ukiwa peke yake. Baada ya theluthi mbili hivi za duara, kianzio cha pili, OriL, hubaki wazi, hujikunja kuwa kitanzi, na POLRMT hurudi kutengeneza kipande kingine cha kuanzia juu ya T zilizo kwenye kitanzi hicho.

Basi kinachotafutwa ni shina na kitanzi, si mwegemeo. Shina la herufi 7 na kitanzi cha herufi 3 hadi 20 lilikuwa kipimo cha kwanza, likaleta rundo. Hata kama besi zote nne zingekuwa sawa kwa wingi, bahati nasibu ingetoa karibu mashina 18, ukiacha mashina ya RNA ya uhawilishi (tRNA) ambayo mitokondria imejaa. Kwa shina la 11 lisilo na kosa, bahati nasibu hutoa chini ya 0.1. OriL ina shina la 11 kamili: CTTCTCCCGCC, kitanzi GCCGGGAAAAAA, kisha GGCGGGAGAAG. A sita za kitanzi ni T sita kwenye uzi mzito, zile zile za POLRMT. Ilipatikana ndani ya eneo linalotambuliwa la 5721 hadi 5798.

La tatu ni la watakaotumia sampuli zao. Eneo la CSB2 lilitafutwa kwa herufi za faili ya rejea: C saba, T, C tano, G. Kwa faili hiyo linapatikana. Kwa binadamu wengi halipatikani, kwa kuwa wengi wana C sita baada ya T, si tano. Rejea yenyewe ndiyo ya pekee. Idadi ya C kabla ya T nayo hubadilika. Ruhusu 7 hadi 10 kabla na 5 hadi 6 baada.

Kloroplasti ya tumbaku ilifunguliwa na kufungwa siku hiyo hiyo. Ina marudio mawili yaliyogeuzana, kila moja karibu besi 25,000, na kianzio oriA kimo ndani yake. Chochote kinachopatikana upande mmoja kinapatikana na upande wa pili. Programu haiwezi kusema ni kipi kinachofanya kazi, wala haipaswi kujaribu.

3 Machi. phiX174 na SV40

Kianzio cha phiX174 kinachotafutwa hapa hakina haja ya kipande cha RNA cha kuanzia. Kirusi hiki huingia na uzi mmoja, seli hukijengea wa pili, kisha protini A ya kirusi hukata uzi wa awali kati ya G ya 4305 na A ya 4306 na kujishikiza kwenye ncha moja. Ncha nyingine inaendelezwa, duara likibingirika. Mahali pa kukata pamo ndani ya herufi 30, CAACTTGATATTAATAACACTATAGACCAC, kuanzia 4299 hadi 4328. Kutafuta herufi 30 kamili ni kazi ya sekunde, lakini programu ilisema hazipo.

Faili iliyotumika ilikuwa ya muundo wa GenBank, wenye herufi 60 kwa mstari, na kisomaji chake, kilichoandikwa upesi kwa siku hiyo, kilikuwa kikitafuta mstari kwa mstari. Mpaka wa mstari unaangukia baada ya 4320, katikati ya herufi hizo 30. Kwenye faili ya muundo mwingine, FASTA, yenye herufi 70 kwa mstari, mpaka uko 4270 na 4340, na zingeonekana bila shida. Kosa la namna hii hujificha miezi, kwa sababu hutegemea faili. Unganisha mistari yote kwanza, tafuta baadaye.

SV40 alifuata. Protini yake, T kubwa, hushika GAGGC nne: mbili zikielekea upande mmoja, mbili upande wa pili, kila jirani wakitenganishwa na herufi moja. Mfuatano wa kutafuta ni GAGGC, herufi yoyote, GAGGC, herufi yoyote, GCCTC, herufi yoyote, GCCTC: jumla 23. Kutafuta GAGGC moja moja hakufai, maana bahati nasibu huleta kama tano. Mfuatano wa 23 huleta mmoja tu, na mmoja huo hupatikana kwa sharti la kutafuta kwa duara: nambari za SV40 zinaanzia katikati ya kianzio. Faili hufunguka kwa GCCTCGGCCTC, na nusu ya kwanza ya kianzio iko mkiani. Kiini cha kianzio, herufi 64, kinakwenda kutoka 5211 hadi mwisho wa faili na kuendelea hadi 31. Marekebisho ya Januari yalifanya kazi bila kuguswa.

10 Machi. Adenovirusi: marekebisho yaliyogeuka kosa

Programu ilitangaza shina la herufi 101 lenye kitanzi cha herufi 4. Hakuna kitu cha namna hiyo katika adenovirusi.

DNA ya kirusi hiki ni mstari, si duara. Kila ncha ina herufi 103 ambazo ni picha iliyogeuzwa ya ncha ya pili. Programu, ikiwa bado inaongeza mwanzo wa faili mwishoni, iliunganisha ncha hizo mbili na kujitengenezea mfuatano wa herufi 206 unaojikunja kikamilifu. Kwa kuwa kitanzi kilitakiwa kisipungue herufi 3, na hapa kitanzi hakiwezi kuwa witiri, ilichukua herufi 4 za katikati kuwa kitanzi na 101 zilizobaki kila upande kuwa shina.

Sasa umbo linasomwa kwenye mstari wa kwanza wa faili ya GenBank, ambao hutaja kama ni duara au mstari. FASTA haina taarifa hiyo ya uhakika, kwa hiyo anayetumia FASTA analazimishwa kuitaja mwenyewe; programu haikisii. Kromosomu za hamira nazo ni mstari na zilikuwa zimeunganishwa ncha kwa ncha, kwa hiyo zilipimwa upya. Madirisha ya uongo yalikuwa 10 kwa kila uzi wa kila kromosomu, jumla 320, na matarajio ya mfuatano kamili ndani yake ni chini ya 0.01. Orodha ya watuhumiwa haikubadilika. Gharama: nusu siku.

Kianzio chenyewe cha adenovirusi ni ncha zote mbili. Protini ya ncha hubeba C ya kwanza badala ya RNA, na polimeresi ya kirusi huanzia hapo. Mfuatano hufunguka kwa CATCATCAAT, na marudio hayo ya CAT yana kazi: kunakili huanza kwenye herufi ya nne ya kiolezo, CAT ikatengenezwa, kisha kifurushi kizima kinarudi nyuma hadi herufi ya kwanza na kuendelea. Kwa njia hiyo ncha haipotei. Kipimo cha programu kwa virusi vya mstari sasa ni kimoja: linganisha mwanzo wa faili na mwisho wake uliogeuzwa, herufi kwa herufi, hadi ya kwanza isiyolingana. Kwa faili hii kinatoa 103.

14 Machi. Kinachofuata: HSV-1

HSV-1 ni kirusi cha malengelenge (herpes). Faili ni NC_001806.2, jozi 152,222. Vianzio ni vitatu: oriL (si ile ya mitokondria) mara moja, kati ya jeni UL29 na UL30, na oriS mara mbili, ndani ya marudio. Protini UL9 hushika eneo lenye GTTCGCAC, nayo ndiyo itakayotafutwa, nyuzi zote mbili, umbo la mstari.

Kabla ya kuendesha programu, faili yoyote ya oriL inayotoka kwenye plasmidi ikaguliwe urefu. oriL ni mfuatano wa herufi 144 unaojikunja kikamilifu, na E. coli anayeutunza kwenye plasmidi huwa anaukata sehemu. Programu ikikosa oriL kwenye faili ya namna hiyo, hesabu kwanza kama zile 144 zimo zote.